Mtoto wa jicho hangojewi akomae

Mtoto wa jicho ni nini hasa?
Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu inayopitisha mwanga. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, huyo ndiye mtoto wa jicho. Hajatanda juu ya jicho, yuko ndani. Kwa hiyo asali, maziwa ya mama na maji ya majani mnayomdondoshea mgonjwa hayamwondoi. Yanaleta vidonda tu. Mara nyingi huja na umri, na kisukari au kuumia jicho humwahisha.

Nitamjuaje?
Haumi, ndiyo maana watu humzoea. Unaona kama kupitia kioo chenye mvuke, taa za magari usiku zinakuchoma, miwani unabadilisha lakini wapi. Bibi mmoja niliyempokea kliniki ya macho alikuwa akichambua mchele kwa kupapasa, punje kwa punje. Nyumbani walisema ni uzee.

Si ningoje akomae kwanza, yaani ukungu uzibe lenzi yote?
Hapana. Ushauri huo ni wa enzi za upasuaji wa zamani. Ukishashindwa kusoma, kushona au kuvuka barabara, njoo.

Lakini jirani yetu alingoja, na anaona.
Nashukuru kwa ajili yake. Mimi huwapokea wale wengine. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi, lenzi huwa ngumu na kazi ya daktari huwa nzito. Wakati mwingine huvimba, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu na kuuma vibaya. Presha hiyo ikishaua mshipa wa fahamu wa jicho, hata lenzi mpya haimrudishii mtu nuru. Nasema tena: usingoje akomae.

Upasuaji unatisha?
Unachomwa ganzi, huku uko macho. Lenzi yenye ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, mara nyingi ndani ya nusu saa. Wengi hawalazwi. Baada ya hapo weka matone kama ulivyoelekezwa, na tafadhali usilisugue jicho.

Na mtoto mchanga mwenye weupe ndani ya mboni?
Huyo msimngoje hata wiki. Ubongo wake ndio unajifunza kuona, na jicho lililozibwa mapema huenda lisijifunze tena, hata likipasuliwa baadaye. Tena weupe huo waweza kuwa saratani ya jicho. Mleteni leo, si baada ya mavuno.