Je, presha huletwa na mawazo tu?

Wengi tumekua tukisikia kwamba presha ni ugonjwa wa mawazo: ukiudhika inapanda, ukitulia imepona. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, maana hasira na hofu kweli huipandisha, ila kwa muda mfupi.

Presha ya kudumu ina mizizi mingine, na figo zimo. Mwaka 1934 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa kwa mbwa: mishipa inayopeleka damu kwenye figo ilibanwa kwa kibanio kidogo cha madini ya fedha, presha ikapanda na kukaa huko huko. Mbwa wale hawakuwa na madeni wala ugomvi wa ndoa. Baadaye, panya waliopandikizwa figo za panya wenye presha nao wakaipata. Kwa binadamu huchangia pia chumvi, unene, umri na urithi. Mara nyingi hakuna chanzo kimoja.

Ukitaka kuhakikisha, jipime. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, uandike. Namba zikibaki juu hata siku ambazo roho imetulia, zipeleke kwa daktari.