Chupa imepasuka, uchungu bado: maswali ya wajawazito kuhusu bakteria wa GBS

Maswali haya nimeyaokota kliniki ya wajawazito na wodi ya wazazi, ninakofanya kazi ya ukunga. Mengi huulizwa mtoto akiwa tayari kwenye oksijeni. Nayajibu hapa mapema.

GBS ni nini?

Ni bakteria, jina lake refu streptokoka kundi B. Makazi yake ni utumbo, na kutoka huko husogea mpaka ukeni. Kwa mwanamke mwenye afya kwa kawaida hana dalili yoyote: haumi, hawashi, haleti uchafu. Wa kuogopewa ni pale anapomfikia mtoto, ama wakati wa kupita kwenye njia ya uzazi, ama chupa ikishapasuka na bakteria wakapanda juu kumfuata.

Ni wengi wenye bakteria huyu?

Wengi kuliko mnavyodhani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa makadirio ya wajawazito wapatao milioni 20 duniani. Huku kwetu, utafiti wa Kilifi, Kenya, uliopima karibu wanawake 8,000 ulimkuta kwa takriban 12 katika kila 100. Ule wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2009 ulimkuta kwa 23 katika kila 100. Kwa hiyo kwenye benchi la kliniki lenye akina mama kumi, yumkini mmoja au wawili wanaye, na hakuna anayejijua.

Mume wangu anasema nimemletea ugonjwa wa zinaa.

Mwambie mkunga kasema hapana. Bakteria huyu hukaa kwenye utumbo wa wanaume na wanawake. Hatuna haja ya kumtibu mume, na ndoa isivunjike kwa ajili hii.

Nikijisafisha vizuri kwa ndani, si ataondoka?

Haondoki. Sabuni, maji ya chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichopachikwa ukeni, vyote hivi tunavitoa au tunavinusa leba kila mara, na havijamwondoa bakteria hata mmoja utumboni. Vinachofanya ni kuchubua uke. Tafadhali acheni.

Je, nikinunua vidonge duka la dawa nikavimaliza kabla ya kujifungua?

Unapoteza pesa. Vidonge vya mwezi wa saba vinaweza kumpunguza, halafu anarudi kutoka utumboni, na siku ya uchungu yupo palepale. Dawa inayomkinga mtoto ni sindano ya mshipani, penisilini au ampisilini, inayoanza uchungu ukishaanza au chupa ikishapasuka na kurudiwa kila baada ya saa nne mpaka mtoto azaliwe. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza angalau saa nne kabla ya kujifungua. Zikumbukeni hizo saa nne. Kama penisilini inakudhuru, sema mapema, ipo dawa nyingine.

Jambo moja tofauti: akionekana kwenye kipimo cha mkojo wakati wa ujauzito, kunywa dawa ulizoandikiwa, na siku ya kujifungua utachomwa sindano vilevile. Nazungumzia mkojo uliopimwa maabara, si hii "U.T.I sugu" ambayo kila mtu siku hizi anajipa mwenyewe na kwenda kununulia vidonge.

Kwa nini hamnipimi?

Kipimo kipo. Kijiti cha pamba hupitishwa ukeni na kwenye njia ya haja kubwa, kikapelekwa maabara kuoteshwa. Marekani humpima kila mjamzito kwenye wiki ya 36 au 37. Uingereza haimpimi kila mtu, huangalia vihatarishi, na vituo vyetu vingi hufanya hivyo pia. Tunawaangalia hasa aliyeanza uchungu kabla ya wiki 37, mwenye homa wakati wa uchungu, aliyewahi kuzaa mtoto akaugua GBS, na yule ambaye chupa imepasuka saa nyingi. Huyu wa mwisho ndiye anayenifanya niandike.

Chupa imepasuka, sisikii uchungu. Mama mkwe anasema nisubiri, mimba ya kwanza huchukua muda.

Usisubiri. Ondoka nyumbani.

Uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kweli kuchukua muda, mama mkwe hajakosea hapo. Ila anazungumzia uchungu, na wewe una chupa iliyopasuka, ni mambo mawili. Ile chupa ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya mtoto na bakteria walioko ukeni. Ukuta umeanguka. Kuanzia dakika ile saa inahesabika, uchungu uwepo usiwepo.

Nachokiona ni hiki. Maji yanatoka saa mbili usiku. Familia inaamua kulala. Asubuhi shangazi anakuja na dawa ya kuongeza uchungu, mama anakunywa, wanangoja ifanye kazi. Saa nane mchana zinatimia saa 18, na hapo sisi tunahesabu mtoto yuko kwenye hatari ya maambukizi. Wanafika jioni, mama ana homa, maji yananuka, njia imekwisha funguka. Mtoto anazaliwa baada ya nusu saa. Ile sindano ya saa nne nitaichoma saa ngapi?

Lakini nikienda mapema mtanirudisha.

Aliyepasuka chupa harudishwi kwa sababu hana uchungu. Atapimwa, ataangaliwa rangi ya maji na mapigo ya moyo wa mtoto, na ikibidi uchungu utaanzishwa hapahapa. Nikisema njoo, maana yake njoo. Kama huna hakika ni maji au ni mkojo, vaa pedi au kitambaa safi, njoo nacho tukione. Usiingize kitu ukeni, usikutane na mume, na usikubali mtu yeyote nyumbani akupime njia. Kumbuka saa ambayo maji yalianza kutoka, ni swali la kwanza nitakalokuuliza. Na usinidanganye kwa kuogopa kugombezwa. Nitagomba kidogo, lakini dawa nitaipanga kwa saa ulizonitajia.

Zimepita saa kumi tu, bado sijafika 18.

Hesabu hiyo ni ya kwetu, ya kuamua dawa. Sijaitaja ili mtu ajipangie usingizi. Njoo.

Mtoto akiambukizwa nitamjuaje?

Wengi wa wanaozaliwa na mama mwenye GBS hawaugui. Bila sindano, wanaougua ni kama mmoja au wawili katika 100. Tatizo ni kasi: wengi wa wanaougua wiki ya kwanza huanza ndani ya saa 24, na maambukizi yakiwa kwenye damu au mapafu, saa chache ni nyingi mno.

Mlete mtoto akikataa kunyonya au akinyonya kwa ulegevu, akipumua mbio, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, akiguna, kifua kikibonyea ndani, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akishtukashtuka, au akiwa hajigusi mpaka umtekenye. Nasikia sana "mtoto wangu mpole, halii, analala tu". Kichanga wa siku mbili anayelala tu na hataki ziwa si mpole, ni mgonjwa. Na degedege kwa kichanga haisubiri mganga, haisubiri kufukizwa, haisubiri baba arudi kutoka kazini. Dripu na sindano anazohitaji ziko hospitali.

Akishapita wiki ya kwanza, tumepona?

Hatari inapungua, haijaisha. GBS anaweza kumpata mtoto mpaka miezi mitatu, na katika umri huo mara nyingi huleta homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya wanaopona hubaki na matatizo ya kusikia, kuona au kukua kwa akili. Homa kwa mtoto wa wiki tano usiitulize kwa dawa ya maji ya dukani halafu ukalala. Sindano ya leba haimkingi na hii ya baadaye, na chanjo ya wajawazito bado iko kwenye majaribio.

Naruhusiwa kunyonyesha?

Ndiyo. Nyonyesha.

Nimepangiwa upasuaji, bado nahitaji sindano ya GBS?

Kama uchungu haujaanza na chupa iko nzima, kwa ajili ya GBS hapana. Ile ya kuzuia kidonda kuoza utapewa kama kawaida. Chupa ikipasuka kabla ya tarehe uliyopangiwa, usingoje tarehe. Njoo siku hiyohiyo.

Mtoto wangu wa kwanza alifariki siku ya pili, tukaambiwa ni maambukizi. Sasa nina mimba nyingine.

Pole sana, mama. Sema hudhurio la kwanza kabisa, usingoje uulizwe, na hakikisha imeandikwa kwenye kadi yako. Kama una karatasi ya ruhusa ya wakati ule, ilete hata kama imechanika. Ikiwa ilikuwa GBS, safari hii utapewa sindano uchungu ukianza, bila kungoja kipimo. Panga kujifungulia hospitali yenye daktari na chumba cha watoto wachanga, weka nauli ya usiku pembeni kuanzia mwezi wa nane, na mtu wa kukusindikiza ajue tangu sasa kwamba maji yakitoka mnaondoka.