Mtoto wa kiti mwendo na kivuli cha mwembe

Shule nyingi za Tabora zina mwembe mkubwa uwanjani. Wakati wa mapumziko, mara nyingi mtoto wa kiti mwendo huachwa hapo chini, awatunzie wenzake kandambili. Ukiuliza, unajibiwa: akicheza ataumia.

Ataumia, ndiyo, kama wenzake wanaorudi darasani magoti yamechubuka. Kinachomzuia hasa ni mchanga. Magurudumu yale madogo ya mbele huzama kabla hajafika golini. Dawa ni njia ya moramu iliyoshindiliwa vizuri, upana sentimita 120, ifike kwenye bembea yenyewe (nyingi huishia ukingoni, sijui kwa faida ya nani). Hapo paachwe sentimita 150 kwa 150 za kugeuzia kiti. Penye mwinuko, kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu.

Asiyeona atafuata mpira wenye njuga ndani. Mwenye usonji huenda akahitaji kona tulivu, mbali na ile rimu ya gari tunayoiita kengele.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ibara ya 30 inataja michezo, hata ya shuleni.