Kamera 8, kompyuta moja: mzigo unatoka wapi na unapunguzwaje

Kompyuta inayorekodi kamera za ulinzi ikilemewa, dalili ni zilezile: picha zinakwama, saa iliyo kwenye picha inaruka sekunde kadhaa mbele, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na prosesa inagota asilimia 100. Wengi hapo hukimbilia kuongeza RAM au kununua kompyuta mpya. RAM mara nyingi haina kosa. Prosesa ndiyo inayolazimishwa kufungua picha ambazo hakuna anayezitazama.

Tuchukue duka lenye kamera 8 za megapikseli 4, na kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex ya Intel i5, kama zile zilizojaa Kariakoo na Luthuli Avenue. Programu ni Blue Iris juu ya Windows. Ukitumia programu nyingine, kanuni ni hizihizi. Vitufe tu ndivyo hubadilika majina.

Kamera haitumi picha ghafi. Inazibana kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana video, ya H.264 au H.265, na kompyuta lazima izifungue, yaani izisimbue, ndipo iweze kuzionyesha au kuchunguza kama kuna kilichotembea. Fremu moja, yaani picha moja katika mfululizo wa video, ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400. Kwa fremu 15 kila sekunde, kamera moja inaleta pikseli milioni 55, na kamera 8 milioni 442, mchana na usiku, hata duka likiwa limefungwa. Kuandika kwenye diski, ambako ndiko watu hushuku, ni kazi ndogo: kamera 8 za megabiti 4 kwa sekunde zinaleta megabaiti 4 tu kwa sekunde. Diski yoyote nzima inabeba mzigo huo bila kutoka jasho.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza pikseli zinazosimbuliwa. Karibu kila kamera ya mtandao hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja: mkuu wenye picha kamili, na mdogo wenye picha hafifu. Blue Iris toleo la 5 hurekodi mkuu, lakini hutumia mdogo kuchunguza mwendo na kuonyesha kamera zote pamoja. Mkuu unafunguliwa pale tu unapoikuza kamera moja ijaze kioo. Mkondo mdogo wa 640 kwa 360 una pikseli mara 16 pungufu, kwa hiyo zile milioni 442 zinashuka hadi milioni 28 hivi. Hakuna kifaa utakachonunua kikakupa nafuu ya kiasi hicho kwa bei hiyo, maana bei yenyewe ni sifuri.

Kwenye kamera za Hikvision, anwani ya mkondo mkuu wa RTSP (njia ambayo programu huvuta video kutoka kamera) huishia na Streaming/Channels/101 na ya mdogo 102. Kwa Dahua, subtype=0 ndiyo mkuu na subtype=1 ndiyo mdogo. Kosa ninaloliona sana ni mikondo yenye maumbo tofauti: mkuu ni 16 kwa 9, mdogo umeachwa kwenye 704 kwa 576. Picha inavutika, na maeneo ya kuchunguza mwendo uliyoyachora hayakai tena pale ulipoyataka. Linganisha maumbo kwanza, ndipo uchore maeneo.

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa kamera, weka fremu 15 kwa mikondo yote miwili, na fremu kamili (keyframe, picha nzima isiyotegemea fremu nyingine) moja kila sekunde, yaani nafasi kati ya fremu kamili iwe 15 pia. Fremu kamili zikikaa mbalimbali, rekodi huchelewa kuanza na mwanzo wa tukio hukatika. Kwa sababu hiyohiyo zima H.264+, H.265+ na kodeki zote zinazojiita janja. Zinaokoa nafasi kwa kutawanya fremu kamili zinavyotaka zenyewe, na programu ya kompyuta haipendi hivyo.

Jambo la pili ni namna ya kurekodi. Chagua kuandika moja kwa moja kwenye diski, bila kusimba upya, yaani bila kuibana video mara ya pili. Ukiacha programu isimbe upya, prosesa inafungua picha, inaibana tena, na ubora unashuka, yote bila faida. Kinachowaponza watu ni ile saa na jina la duka wanavyotaka programu iandike juu ya picha, maana hapo inalazimika kusimba upya. Iache kamera yenyewe iandike saa, na uhakikishe saa yake inalingana na ya kompyuta.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie vifaa. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu ya michoro yenye Quick Sync, inayosimbua video badala ya prosesa yenyewe. Kizazi cha 4, kama i5-4590, kinasaidia H.264 lakini hakiwezi H.265, cha 6, kama i5-6500, kinaweza zote mbili. Ukinunua mtumba, nyongeza ya pesa kutoka cha 4 kwenda cha 6 au cha 8 inafaa. Epuka prosesa zenye herufi F mwishoni, mfano i5-9400F: hazina michoro ya ndani, kwa hiyo hazina Quick Sync. Na kwa kuwa michoro hiyo inaazima RAM ya kompyuta, vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwani viwili hufanya kazi sambamba.

Kwenye diski, tatizo si kasi, ni mpangilio. Windows na kumbukumbu za programu zikae kwenye SSD ndogo. Rekodi ziende moja kwa moja kwenye diski ya kamera, mfano WD Purple. Kurekodi kwanza kwenye SSD kisha kuhamishia diski kubwa ni kufanya kazi mara mbili. Kamera 8 kwa megabiti 4 hula GB 345 kwa siku. Diski ya TB 4 Windows huiona kama TB 3.63, nami huweka kikomo cha GB 3300 ili ibaki nafasi ya kupumulia. Hapo unapata siku 10 hivi. Kisha ondoa folda ya rekodi kwenye ukaguzi wa antivairasi, la sivyo kila faili jipya linasomwa upya.

Mtandao husahaulika. Swichi za PoE (zinazopeleka data na umeme wa kamera kwa waya mmoja) za bei nafuu huwa na tundu la kuelekea kompyuta la megabiti 100 tu. Kwa megabiti 32 zetu linatosha, lakini kamera 16 za megabiti 8 ni 128, na hapo picha zitakatika huku prosesa imetulia kabisa. Ukiona prosesa iko asilimia 20 na picha bado zinakwama, acha kompyuta, fuata waya.

Usiache dirisha la programu wazi siku nzima kwenye kompyuta yenyewe. Iendeshe kama huduma ya Windows, ulifunge dirisha, na utazame kwa simu au kivinjari. Kama kioo lazima kiwake kaunta, punguza fremu za kuonyeshea ziwe 5 au 7, rekodi haziguswi.

Mwisho, joto. Dar au Mombasa, kompyuta iliyofungiwa kabatini hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na hapo mpangilio wowote hausaidii. Angalia kasi ya prosesa kwenye Task Manager: i5-6500 ni GHz 3.2, ukiikuta 1.5 wakati ina kazi nyingi, fungua kasha, puliza vumbi, badilisha grisi ya prosesa. Kama bado iko chini, tazama mpango wa umeme wa Windows. Huenda umewekwa kwenye kubana matumizi tangu kompyuta ilipokuwa ofisini.