Hapana, irabu haiui chemshabongo

Juzi nimeambiwa tena. Safari hii ni kijana msomi kabisa. Tulikuwa kwenye benchi la kahawa, akaiona karatasi niliyokuwa nachora visanduku, akanionea huruma: "Mzee wangu, Kiswahili hakijengi chemshabongo ya maneno. Kila neno linaishia kwa irabu. Utakwama tu." Nimeisikia kauli hiyo kwa walimu, kwa wahariri, na kwa mtu mmoja aliyekataa kazi yangu kabla hajaifungua. Sasa naijibu, na naijibu kwa urefu, maana inawanyima watu mchezo wao wenyewe.

Naandika kwa mtu aliyewahi kujaza. Kulia ni neno linalosomwa kuelekea kulia, Chini ni linaloshuka, na namba kwenye mabano ni idadi ya herufi.

Kuhusu irabu, sibishi. Maneno yetu huishia kwa irabu, ukiacha machache kama takriban na hususan. Hata maalum, wengi wanaiandika maalumu. Ninachobisha ni hilo la "utakwama". Anayekwama ni yule aliyechukua chombo kilichochongwa kwa ajili ya bahari nyingine.

Mchezo huu ulianza New York tarehe 21 Desemba 1913, pale Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha jedwali lake lenye umbo la almasi katika gazeti la New York World. Baadaye njia zikagawanyika. Wamarekani walishika sheria kwamba kila herufi ipitiwe na maneno mawili, la Kulia na la Chini, na neno lisipungue herufi tatu. Waingereza wakashika jedwali la kimia: maneno hupishana kisanduku kimoja kwa kingine, na katikati kunabaki herufi zinazopitiwa na neno moja tu.

Wengi wanaojaribu kutunga kwa Kiswahili huanza na jedwali la Kimarekani, kwa sababu ndilo linalotolewa na programu nyingi. Hapo kweli utakwama, na sababu yake ni rahisi. Tazama safu ya mwisho upande wa kulia. Kila kisanduku chake ni herufi ya mwisho ya neno la Kulia, kwa hiyo kila kisanduku ni irabu. Basi neno la Chini linaloshuka pembezoni pale lazima liwe irabu tupu. Nimewahi kukaa nikayaorodhesha: EUA, AOE, UOE, AUE, na jamaa zao wachache. Mstari wa chini kabisa una msiba uleule. Mtu anahangaika siku tatu na pembe moja, kisha anatangaza kwamba lugha ina kasoro. Lugha haina kasoro. Badilisha jedwali.

Chukua jedwali la kimia la visanduku 15 kwa 15, maneno ya Kulia yakae kwenye mistari ya 1, 3, 5 hadi 15. Kwenye ukingo wa kulia, neno la Chini linaloanzia mstari wa 10 na kwisha mstari wa 15 litakutana na maneno ya Kulia kwenye mistari ya 11, 13 na 15, yaani kwenye herufi yake ya 2, ya 4 na ya 6. Sasa taja neno la Kiswahili la herufi sita: KITABU. Herufi ya 2 ni I, ya 4 ni A, ya 6 ni U. Irabu zimekaa palepale zinapotakiwa, na konsonanti zimejificha kwenye visanduku visivyopishana na kitu. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu: huo ndio mwendo wetu wa kutamka, na kimia kinaufuata hatua kwa hatua.

Hiki hapa ni kipande cha pembe ya chini kulia, mstari wa 10 hadi wa 15:

■ K ■ B ■ K ■ K
K A R A T A S I
■ A ■ R ■ B ■ T
■ N G A L A W A
■ G ■ Z ■ T ■ B
T A R A T I B U

Kulia: KARATASI, NGALAWA, TARATIBU. Chini: KAANGA, BARAZA, KABATI, KITABU. Hakuna neno la kubuni, hakuna kifupisho, hakuna jina la mji wa Ulaya lililoletwa kuziba pengo. Pembe ambayo kijana wangu aliniambia haijengeki ilijengeka kwa penseli na kifutio.

Kuna jambo jingine ambalo bado hunistaajabisha kila nikilitazama. Desturi ya kale ya mchezo huu inataka jedwali ukiligeuza juu chini, visanduku vyeusi vibaki na mpango uleule. Kwa hiyo pembe ya juu kushoto huchukua umbo la pembe ya chini kulia, lakini maneno ya Chini kule yanaanzia mstari wa 1 na yanapishana kwenye herufi ya 1, ya 3 na ya 5. Hizo kwa kawaida yetu ni konsonanti, nazo zinageuka kuwa herufi za kwanza za maneno ya Kulia. Kiswahili kinapenda kuanza kwa konsonanti na kumaliza kwa irabu. Desturi waliyojiwekea watu kwa ajili ya uzuri wa macho imetupa sisi kila tulichohitaji kwenye pembe zote mbili.

Hapa niseme gharama yake, maana ipo. Konsonanti ndizo zinazobeba neno. Ukiwa juu kushoto ukapata K-T-B, yaani herufi ya 1, ya 3 na ya 5, majibu yanayokujia haraka ni mawili, KITABU na KATIBU, ambayo ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Ukiwa chini kulia ukapata I-A-U, una KITABU, KIKAPU, KIFARU, HIJABU, na wingi wao juu yake. Mjazaji amefanya kazi ileile akapata nusu ya msaada. Ndiyo maana nawaambia watu waanze juu kushoto. Na ndiyo maana vidokezo vyangu vya chini kulia huwa vyepesi zaidi. Sina uhakika kama nafanya haki. Kuna wanaoniambia nawadekeza, kwamba jasho la mwisho ndilo tamu. Nimebadilisha msimamo mara mbili na huenda nikabadilisha tena.

Upande wa utajiri, tunao wa kumwaga. Nikihitaji herufi nne nina PIKA. Tano, PIKWA au PIKIA. Sita, PIKIWA. Saba, PIKISHA au PIKIANA. Lugha gani nyingine inakunyooshea kitenzi namna hiyo? Ila kuna mstari sivuki: siweki kitenzi chenye nafsi na wakati. Niliwahi kuweka NITAKUPIKIA, herufi kumi na moja, likajaza mstari vizuri sana. Mjazaji mmoja akaniuliza kidokezo chake kingekuwaje cha haki, nikakosa jibu, kwa sababu kwa njia ile ungeweza kujaza jedwali zima kwa kubadilisha viambishi. Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo, shina na mnyambuliko basi. Na wale wanaobandika KU mbele ya kila kitenzi ili wapate herufi mbili za bure waache. Kamusi inaorodhesha pika, haiorodheshi kupika.

Sasa CH. Hili linaniudhi kuliko la irabu, kwa sababu anayelileta huwa ana hoja nzuri na anaitumia vibaya. Hoja: CH ni sauti moja, alfabeti tunayowafundisha watoto inaihesabu herufi moja, basi iingie kisanduku kimoja. Watu wa Wales wanafanya hivyo kwa lugha yao, na wanafanya vizuri. Lakini ukishakubali CH, lazima ukubali SH, TH, DH, GH, NY na NG'. Na ukishakubali NY, utanijibu nini kuhusu NG ya NGALAWA, au MB ya MBUZI? Wanaoleta hoja hii hawafiki mpaka huko. Wanataka CH peke yake kwa sababu siku hiyo CHAKULA limewazidi kisanduku kimoja.

Mimi naweka visanduku viwili, C na H. Hasara yake naijua: C haikai peke yake katika Kiswahili, hivyo aliyepata C amepewa H bure. Na kuna kishawishi. CHAKULA kwa visanduku saba lina irabu kwenye 3, 5 na 7. Ukiliweka kwa visanduku sita, irabu zinahamia 2, 4 na 6, na neno linaingia ukingo wa kulia bila shida. Usiku ambao pembe imenigomea, nauona ule upande wa pili una mantiki kubwa. Asubuhi narudi kwenye viwili.

Ila yote hayo ni ya mtunzi. Chemshabongo inaishi kwa wajazaji, na wajazaji wanaishi kwa kuongea. Nina mama mmoja wa Wete, Pemba, mwalimu mstaafu, anajaza kwa kalamu ya wino. Siku moja kidokezo kilikuwa "Mahali pa kusomea (5)". Akaandika SKULI, kama mtu yeyote wa Zanzibar angeandika. S ikakubali, U ikakubali. Herufi ya mwisho ikakataa: neno la Chini lilitaka E. Akanipigia. "Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Marahaba. Mwanangu, huku kwetu watoto hawaendi SHULE, wanakwenda SKULI. Umetutoa nje ya mlango."

Tulizungumza nusu saa. Alinitajia kamusi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya mwaka 2010, nami nikajitetea kwa ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ya 1981, kisha nikaona aibu, maana hakuwa anabisha kuhusu kamusi. Alikuwa anasema kidokezo kimesahau nusu ya wenye lugha. Siku hizi nikihitaji SHULE naandika "Mahali pa kusomea, bara (5)", na SKULI nimeitungia kidokezo chake: "Shule, ukishavuka kwenda Unguja (5)". Na ona kilichoamua ugomvi ule wote: irabu ya mwisho, ileile wanayosema inaua mchezo.

Wajazaji wana adabu yao ambayo sikuwafundisha mimi. Mtu akikwama, mwenzake hamtajii jibu. Anamdokeza. Kidokezo kikiwa "Mnyama anayekinga mvua (3)", aliyekwisha kulipata atamwambia mwenziwe: "Lala chali, kisha fumbua macho." Bado hajapata? "Ana pembe na ana mabati." Hapo PAA linakuja lenyewe, na anayelipata anapiga kelele nyumba nzima isikie. Kwa "Huvaliwa na hutaga (5)" nilisikia dokezo lililonizidi mimi mtunzi: "Wa porini ana madoa, wa kabatini ana maneno." KANGA. Ningeliandika hilo ningejisifu mwezi mzima.

Na akishindwa kabisa, anatoa mji. Naam, kama kwenye vitendawili. Tulipokuwa wadogo bibi akisema "Kitendawili!" tunaitikia "Tega!", na tukishindwa anadai: "Nipeni mji." Tunampa Bagamoyo, anakwenda Bagamoyo, anakula na kunywa, anarudi, ndipo anafumbua. Wajazaji wameuleta mji huo kwenye visanduku bila kuambiwa na mtu. Mama wa Wete mpaka sasa ana Tabora, Lamu na Kigoma, zote amepewa na kijana mmoja wa Morogoro asiyejua kushinda lakini haachi kujaza. Yule kijana wa kwenye kahawa, aliyenipa pole, nilimwachia karatasi yenye pembe ile ikiwa tupu, pamoja na vidokezo saba. Kesho yake alirudi na sita. Alikwama kwenye KAANGA kwa sababu aliandika PIKA akaona haitoshi. Sikumtajia. Nilimwuliza mafuta yakichemka mama yake hufanya nini na samaki.

Lililobaki mezani kwangu wiki hii ni alama ya NG'. Siiwekei kisanduku, kwa hiyo NG'OMBE ni herufi sita. Lakini kwenye mstari wa 7 nina NGOA, na humo ndani kuna ng'oa ya jino na ngoa ya wivu, zote mbili, kisanduku kwa kisanduku. Naweza kutunga kidokezo kimoja kinachobeba maana zote mbili, na kingekuwa kitamu. Naweza pia kusema hayo ni maneno mawili yenye sauti tofauti na kukutanisha maandishi tu ni kumlaghai mjazaji. Nimeliandika kwa penseli. Jumamosi nampigia mwalimu wa Wete nimsikie.