Nundu ya kidole gumba cha mguu: pini, skrubu au bamba?

Wagonjwa wengi tunaowapangia upasuaji wa nundu ya kidole gumba cha mguu hutuuliza mapema: "Daktari, mtaniwekea vyuma?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini chuma hakinyooshi kidole. Kidole hunyooka kutokana na mahali mfupa ulipokatwa na jinsi ulivyosogezwa. Chuma huushikilia tu usihame mpaka uunge.

Nundu hiyo si nyama iliyoota. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umesogea kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe kikawalalia wenzake. Ndiyo maana kusaga nundu peke yake hakutoshi: kidole hubaki kimepinda na nundu huweza kurudi. Kwenye eksirei tunapima pembe kati ya kidole na mfupa huo, ambayo kwa kawaida haizidi nyuzi 15, na pembe kati ya mfupa huo na jirani yake, isiyozidi nyuzi 9. Vipimo hivyo, pamoja na maumivu yako, ndivyo vinavyoamua upasuaji. Nundu isiyouma hatuikati kwa ajili ya urembo.

Pini ni nafuu kwa bei, na huchomolewa kliniki baada ya wiki chache. Ila ncha yake ikiachwa nje ya ngozi huweza kupitisha vijidudu, na haiubani mfupa kama skrubu inavyoubana. Skrubu huzama ndani ya mfupa na kwa wengi hukaa humo maisha yote bila shida. Bamba tunalitumia zaidi pale kiungo cha nyuma ya mfupa huo kinapolegea, tukaamua kukiunganisha kabisa, upasuaji unaoitwa Lapidus. Hushika kwa nguvu, lakini ngozi ya juu ya mguu ni nyembamba: wapo wanaolihisi kila wakivaa kiatu, na baadhi yao hurudi kutolewa.

Kwa maoni yangu, wagonjwa huhangaikia mno aina ya chuma na kusahau wiki sita za mwanzo. Mfupa ukiunga ukiwa umenyooka, pini na skrubu zote zimetimiza kazi yake. Ukikanyaga mapema kuliko ulivyoruhusiwa, hata bamba zuri huweza kulegea. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga, kwa hiyo iache kabla ya upasuaji. Kama kazi yako ni ya kusimama kutwa, sokoni au darasani, tueleze kabla hatujapanga tarehe, kwa kuwa mguu huweza kuvimba jioni kwa miezi kadhaa.

Uliza pia: nitakanyaga lini, kwa kisigino au kwa mguu mzima? Nani atanisafishia kidonda? Mwenye pini akiona usaha au wekundu unaosambaa, aje siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.