Kwa nini Canterbury haikuweza kumzuia askofu wa New Hampshire?

Je, wajua kwamba Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye kwa desturi ndiye kiongozi wa heshima wa Waanglikana duniani, hana mamlaka ya kumvua cheo askofu wa Kanisa la Kianglikana linalojitawala, kama lile la Marekani?

Mwaka 2003 jambo hilo lilijulikana kwa kishindo. Dayosisi ya New Hampshire, Marekani, ilimchagua kuwa askofu Gene Robinson, padri aliyeishi waziwazi na mwenzake wa kiume. Miaka mitano kabla, Mkutano wa Lambeth, unaowakutanisha maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, ulikuwa umeamua kwa kura 526 dhidi ya 70 kwamba vitendo vya mapenzi ya jinsia moja havipatani na Maandiko. Oktoba 2003 maaskofu wakuu wanaoongoza makanisa ya Kianglikana duniani waliitana haraka London, wakaonya. Novemba 2 Robinson akawekwa wakfu.

Sababu ni kwamba maazimio ya Lambeth si sheria. Kila jimbo la Kianglikana, yaani kanisa la nchi au eneo linalojitawala, lina katiba yake na sinodi yake, na azimio la nje halilifungi mpaka lenyewe liliridhie. Hakuna Papa, wala mahakama ya rufaa ya wote. Kilichobaki ni vikao, na ndiyo maana vilifuatana: tume iliyotoa Ripoti ya Windsor kuhusu mgogoro huo mwaka 2004, kisha kikao cha maaskofu wakuu Dromantine, Ireland ya Kaskazini, Februari 2005, ambako Marekani na Kanada ziliombwa ziwaondoe kwa hiari wajumbe wao katika Baraza la Ushauri la Kianglikana kwa muda. Ziliombwa tu, maana hakuna wa kuziamuru.

Februari 2007 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Maaskofu wakuu saba walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na Katharine Jefferts Schori, mkuu wa kanisa la Marekani. Jumapili ibada ikafanyika Zanzibar, katika kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Tamko la mwisho liliwapa maaskofu wa Marekani hadi Septemba 30 waahidi kutoidhinisha uchaguzi wa askofu mwingine wa aina hiyo. Septemba waliahidi kujizuia. Mei 2010 Mary Glasspool, aliyeishi na mwenzake wa kike, akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Los Angeles.

Kwa maoni yangu, katika mfumo huu silaha halisi ni kiti: nani aalikwe, na nani akubali kuketi. Canterbury inayo hiyo moja, ya kualika Lambeth. Mwaka 2008 Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, hakumwalika Robinson, lakini maaskofu waliomweka wakfu aliwaalika. Kwa wengi wa Nigeria, Uganda na Rwanda hilo halikutosha. Zaidi ya maaskofu 200 hawakufika. Wengi wao walikuwa wamekwisha kukutana Yerusalemu mwezi Juni, katika mkutano wao wenyewe wa Waanglikana wahafidhina, GAFCON. Waliokwenda Lambeth waligawanywa katika vikundi vya mazungumzo, na safari hiyo hakuna azimio lililopigiwa kura.